Maji ya uvuguvugu chooni: kopo, shatafu, bideti ya kubandika au ya umeme?

Mtu wa Dar hawezi kuuona uzito wa mjadala huu. Kwake maji ya bomba alfajiri ni maji tu. Mlaze Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, au Njombe mjini ambako ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha mpe kopo la maji yaliyolala kwenye simtanki usiku kucha. Atatoka chooni ameelimika. Si ajabu kukuta maji hayo yana nyuzi 12, na sehemu tunayoizungumzia haina usugu wa nyayo.

Ndiyo maana siku hizi anayejenga Mbeya au Iringa, hata kabla hajapaua, anauliza: nifunge shatafu, ule mpira wa kurushia maji unaobonyezwa kwa kidole, ninunue ile bideti inayobanwa chini ya kiti cha choo, au nijitutumue nichukue ya umeme yenye kiti cha joto? Na maji ya moto yatoke wapi? Maswali haya mawili watu huyatenganisha: kifaa mwezi huu, hita mwakani Mungu akipenda. Hapo ndipo pesa inapopotea, kwa sababu kifaa kizuri na hita nzuri vinaweza kukaa nyumba moja visielewane kabisa. Hapa nimepanga njia zote kwa vigezo vilevile, kila mtu apime kwa nyumba yake.

## Vigezo vya kupimia

Maji ya moto yanafika lini. Hiki nakiweka mbele ya vingine vyote. Kuoga kunachukua dakika kadhaa, kwa hiyo baridi ya nusu dakika mwanzoni unaivumilia. Kuchamba ni shughuli ya sekunde. Bomba la nusu inchi hubeba takriban moja ya sita ya lita kwa kila mita, kwa hiyo hita ikiwa mita 10 kutoka chooni, kuna kama lita moja na nusu ya maji baridi njiani inayopaswa kutoka kwanza. Shatafu inayotoa lita nne kwa dakika itakupa baridi kwa sekunde 20 na ushee, na bomba lenyewe nalo linanyonya joto. Kwa wengi shughuli imeshaisha. Maji ya moto yanafika mlangoni, koki inafungwa, yanapoa humohumo kwenye bomba. Uniti umelipia, joto hukulipata.

Presha. Kila mita 10 za mwinuko kutoka koki hadi kwenye maji ya tangi hutoa presha ya bar moja. Mnara wa mita tatu, ambao ndio uliojaa mitaani kwetu, unakupa bar 0.3 tu. Vifaa vingi vya kisasa havijatengenezwa kwa presha hiyo.

Nishati, na nini hutokea umeme ukikatika. Hesabu ya uniti ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, nitaitoa njiani.

Ufungaji na matunzo. Je, fundi bomba anatosha, au lazima na fundi umeme aje? Kikiharibika, kipuri kinapatikana soko la Mwanjelwa, Mbeya, au kinaagizwa?

Nani atakitumia. Mwenye magoti mabovu, mtoto wa miaka minne, mama aliyejifungua juzi, mgeni wa usiku mmoja. Na swali la kwanza kabisa: choo chako ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Bideti za aina zote mbili ni za choo cha kukaa tu. Mwenye cha kuchuchumaa anachagua kati ya kopo na shatafu, na anaweza kuruka sehemu mbili za katikati.

## Kopo na chupa ya chai

Msicheke. Nimeiweka kwenye orodha kwa sababu inashinda vifaa vya bei kubwa kwenye kigezo kile cha kwanza.

Joto. Hakuna bomba la kusubiri, maji ya moto yako mkononi. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, hayafiki 100, na yakimiminwa kwenye chupa yanashuka tena kidogo. Sehemu moja ya hayo kwa sehemu mbili za maji ya tangi inakupa uvuguvugu wa nyuzi 36 au 37, sawa na mwili. Kopo la lita moja na nusu linachukua nusu lita kutoka kwenye chupa, maana yake chupa ya lita tatu inahudumia watu sita. Chupa iliyolala usiku mzima imepoa, basi uwiano unasogea kwenye nusu kwa nusu.

Presha. Haihusiki. Siku ya mgao wa maji ndoo inafanya kazi ileile.

Nishati. Birika la umeme likichemsha lita tatu kutoka nyuzi 12 linakula kama uniti 0.3. Umeme ukikatika kuna gesi, kuna mkaa, na kwa walio Mufindi na Njombe kuna jiko la maranda ambalo kwa kuchemsha maji halina mpinzani.

Ufungaji na matunzo. Shelfu ya kuweka chupa, juu, mbali na watoto. Sharti ni moja: maji baridi yatangulie kwenye kopo, ya moto yafuate, kisha ujimwagie kidogo kwenye kifundo cha mkono ndipo utumie. Mwenye kisukari kilichomfikisha kwenye ganzi asijipimie mwenyewe, ampimie mwingine.

Inamfaa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, familia ndogo, na hasa mama mzazi mwenye mshono, anayehitaji maji yamiminike polepole bila kupigwa na presha. Haimfai asiyeweza kuinama wala kushika vitu viwili kwa pamoja, na nyumba ya watu wanane wanaowahi shule na kazi inachosha: chupa inaisha, mtu wa saba anaanza kugomba.

## Shatafu

Hii ndiyo inayouzwa zaidi, na ndiyo inayolalamikiwa zaidi, mara nyingi kwa makosa yasiyo yake.

Joto. Shatafu ya kawaida hufungwa kwa ti kwenye bomba linalopeleka maji kwenye tangi la kuflashi. Bomba hilo ni la baridi. Ukitaka uvuguvugu lazima bomba la moto lifike chooni, kuwe na miksa ukutani, yaani koki ya kuchanganya moto na baridi, na shatafu itoke kwenye miksa hiyo. Hapo ndipo ile hesabu ya mita inapouma. Hita ikiwa nyuma ya ukuta wa choo, mita mbili, maji ya moto yanafika ndani ya sekunde tano au sita na hakuna lawama. Hita ikiwa upande wa pili wa nyumba, umejenga mfumo wa maji ya moto ambao utakupa maji baridi maisha yako yote.

Kuna mtego mwingine ambao mafundi wengi hawausemi. Shatafu hufungwa kwa kidole, huku koki za miksa zikiachwa wazi nyuma yake. Sasa chukulia maji yako baridi yanatoka kwa pampu na ya moto yanashuka tu kutoka kwenye tangi la juu ya dari. Kidole kikiachia, upande wenye nguvu unasukuma upande dhaifu kupitia ndani ya miksa: baridi inapanda kwenye hita yako taratibu. Unaamka, hita ilikuwa inawaka, maji ni vuguvugu tu, unamlaumu muuza hita. Dawa yake ni valvu ya njia moja, ile mafundi wanayoiita nonritani, kila upande, au kuzoea kufunga miksa kila ukimaliza.

Na mtego wa tatu, huu wa hatari. Zile hita za kichwa cha bomba la mvua, ambazo maji hupashwa moto ndani ya kichwa chenyewe, zimetengenezwa maji yatoke bila kizuizi mbele yake. Usikubali mtu akuchomekee mpira wa shatafu kwenye hita ya aina hiyo. Ukiachia kidole maji yanabaki yamefungiwa palepale kwenye waya wa moto.

Presha. Inavumilia. Hata bar 0.3 inatoka maji, ingawa kwa unyonge. Kwenye maji ya mamlaka yenye presha kubwa inakuwa kali mno, basi punguza kwenye koki ya ukutani.

Nishati. Ya baridi haihitaji kitu. Ya moto inategemea chanzo, nitakuja huko.

Ufungaji na matunzo. Fundi bomba wa kawaida anamaliza kabla ya chai ya saa nne. Kipuri kiko kila duka la vifaa vya ujenzi. Kinachovunjika ni mpira: ukiachwa na presha ndani usiku na mchana, siku moja unapasuka, na kama hupo nyumbani unakuta sebule ni bwawa. Funga koki ya ukutani kila ukitoka safari, na ukiweza kila ukimaliza. Tena itundikwe kwenye ndoano yake. Kichwa kikilala kwenye bakuli la choo na maji ya mtaa yakakatika ghafla, bomba linaweza kunyonya kilichomo.

Kwa bomba la moto sema PPR, plastiki inayohimili joto. PVC ya kawaida inalegea kwa maji ya moto, na fundi anayekuambia itahimili ni kwa sababu yeye hatakuwepo.

Inamfaa mwenye choo cha kuchuchumaa, nyumba ya watu wengi, anayependa pia kusafishia choo chenyewe kwa mpira uleule. Haimfai mtoto mdogo akiwa peke yake (atamwagilia dari), wala mzee ambaye mkono wake hauzunguki nyuma.

## Bideti ya kubandika, isiyo na umeme

Ni bamba jembamba linalokaa kati ya kiti na bakuli la choo cha kukaa, lina pua ya kurushia maji na kitufe cha kuzungusha pembeni. Zipo za baridi tu, na zipo zenye mirija miwili, wa baridi na wa moto.

Joto. Ya baridi tu, nyanda za juu, ni ya watu wenye moyo. Ya mirija miwili inasikika kama jibu, ila ina tatizo lake la pekee: maji yanayopita kwenye pua ni kidogo, mara nyingi lita moja kwa dakika au pungufu. Hita za papo hapo, za umeme na za gesi, huwaka pale tu zinapohisi maji ya kutosha yanapita, na nyingi zinataka kama lita mbili kwa dakika. Pua haifikishi, hita haiwaki, baridi inaendelea. Na hata ukiwa na hita ya tangi, kwa mwendo huo wa lita moja kwa dakika, mita 10 za bomba zinachukua dakika nzima na nusu kumaliza baridi. Kwa hiyo bideti hii inaelewana na kitu kimoja: tangi dogo la moto, la lita 5 hadi 15, likiwa chini ya sinki la kunawia pembeni mwa choo.

Presha. Kwa mnara wa mita tatu inatoa kijito, inatosha kwa shida. Presha ya mtaa ikiwa kubwa, fungua kwa adabu mara ya kwanza.

Nishati. Yenyewe haitumii. Umeme ukikatika, tangi la moto likishapoa inarudi kuwa ya baridi.

Ufungaji na matunzo. Spana na nusu saa. Kabla ya kulipa, kapime choo chako: umbali kati ya matundu mawili ya boliti za kiti, na nafasi kati ya matundu hayo na tangi la kuflashi. Vyoo vya kipande kimoja vyenye mgongo uliopinda mara nyingi havikubali bamba. Pia bamba huinua kiti kwa nyuma, hivyo kinayumba mbele mpaka uweke raba chini yake. Mvua za Desemba zikianza na maji yakawa na tope, pua inaziba, basi weka chujio kabla ya mrija.

Inamfaa mwenye choo cha kukaa na bajeti ya kati, ambaye sinki lake liko karibu, na ambaye mikono yake haimruhusu kushika shatafu vizuri. Kwa mzee mwenye nguvu ya kuzungusha kitufe ni hatua nzuri kutoka kwenye kopo. Haimfai mwenye hita ya papo hapo tu.

## Bideti ya umeme

Kampuni ya TOTO ya Japani ilianza kuuza Washlet, bideti yake ya umeme, mwaka 1980, na nchi ile yenye baridi yake imezipenda mpaka leo. Kinachonunuliwa ni kiti kizima: kinapasha maji, kinapasha kalio lako, vingine vinakausha kwa hewa.

Joto. Hapa hakuna mjadala. Maji ya baridi yanaingia, kiti kinayapasha chenyewe sentimita chache kutoka mahali yanapotumika. Kwa kanuni ni chupa ya chai iliyosomea uhandisi. Ziko aina mbili: zenye kitangi, ambacho hutoa uvuguvugu kwa muda mfupi kisha maji yanapoa mpaka kipashe tena, na za papo hapo zinazotoa bila kukoma lakini huvuta zaidi ya wati 1,000 zinapofanya kazi. Nyumba ya watu wengi wanaofuatana asubuhi, kitangi kitamkatisha tamaa wa tatu. Na kiti chenye joto mwezi wa sita, Makete, ni anasa ambayo ukishaizoea utaanza kukwepa safari.

Presha. Hapa wengi wanakwama. TOTO yenyewe inataka angalau bar 0.5, yaani tangi liwe mita tano juu ya choo. Mnara wa mita tatu hautoshi. Ama uinue tangi, ama uongeze pampu ndogo ya presha, na pampu nayo ni umeme na kelele usiku.

Nishati. Soketi maalumu ndani ya choo, yenye ethi ya kweli (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Fundi akisema, "Bosi, hii haina haja ya ethi, wengi wanatumia hivihivi," mshukuru na umtafute mwingine. Maji, kiti na ngozi tupu havikai pamoja na umeme usio na ethi. Umeme wa TANESCO ukikatika, bideti nyingi za aina hii hazirushi maji kabisa, hata ya baridi. Kopo lisiondoke chooni.

Kisha volti. Umeme wetu ni volti 230. Japani ni 100, Marekani ni 120. Viti vilivyotumika vinavyoshuka kwenye makontena pamoja na vyombo vingine vya Japani ni rahisi na vinavutia, na ukikichomeka moja kwa moja kinaungua dakika hiyohiyo. Soma kibandiko cha nyuma: lazima kiandike 220–240. Transfoma ya kushusha inawezekana, lakini kwa kiti cha papo hapo lazima iwe kubwa, na mahali pake si sakafuni mwa choo chenye majimaji.

Ufungaji na matunzo. Fundi bomba na fundi umeme wote wawili. Kipuri usitegemee kukipata Iringa mjini, muulize muuzaji kabla. Kama birika lako linafanya utando mweupe ndani, maji yako yana chokaa, na utando huohuo utajijenga kwenye hita ya kiti. Kiti kinahitaji kusafishwa kwa kitambaa laini, si kwa dawa kali ya kusugulia vigae.

Inamfaa mgonjwa wa kiharusi, mzee asiyeweza kujifikia, mwenye bawasiri anayehitaji uvuguvugu wa kila mara bila kusugua, na mwenye nafasi anayetaka starehe, maana starehe nayo si dhambi. Haimfai mwenye umeme wa kuyumba asiye na kilinda volti, wala choo cha nje.

## Chanzo cha maji ya moto

Ukichagua kopo au bideti ya umeme, sehemu hii unaweza kuiruka. Ni ya wenye shatafu na bideti ya kubandika.

Hita ya papo hapo ya umeme haihifadhi kitu, inapasha maji yanapopita. Ya kilowati 5.5 inaweza kuinua maji kutoka nyuzi 12 hadi 37 kwa lita tatu na kidogo kwa dakika, ambayo inatosha shatafu moja, na dakika nzima ya matumizi ni chini ya uniti 0.1. Ya kilowati 3.5 inashuka hadi lita mbili. Maelezo ya kwenye boksi mara nyingi yanaandikwa kwa maji ya kuanzia nyuzi 20 na zaidi, usiyaamini ukiwa Njombe. Ya kilowati 5.5 inavuta ampia 24, kwa hiyo inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka, milimita 4 au zaidi, na breka yake. Kwa shatafu chagua iliyotengenezwa kuvumilia kufungwa mbele.

Hita ya tangi ya umeme, lita 30, kutoka nyuzi 12 hadi 60 inakula karibu uniti 1.7, kisha inaongeza kidogokidogo kufidia joto linalopotea. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, tangi hilo likipashwa mara moja tu kila siku linamaliza uniti 50, yaani theluthi mbili za kikomo. Tangi la lita 10 chooni linahitaji uniti 0.6 tu kufika moto na ndilo saizi ya kazi hii. Usilishushe chini ya nyuzi 60 kwa muda mrefu, maana maji ya uvuguvugu yanayotuama huzaa bakteria. Lakini nyuzi 60 zinaunguza ngozi kwa sekunde chache, hivyo miksa au valvu ya kudhibiti joto ni lazima.

Sola ya maji moto inadharauliwa huku kwa hoja kwamba huku ni baridi. Baridi si hoja, mawingu ndiyo hoja. Mbeya na Iringa mvua zake ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi ya baridi kali, Juni na Julai, ndiyo ya anga kavu na jua la mchana kutwa. Maji ya jioni yatakuwa moto hasa, na tangi lenye koti zuri linafikisha moto hadi alfajiri. Tukuyu ni nchi nyingine, mvua na ukungu vipo karibu mwaka mzima, huko sola peke yake ni bahati nasibu. Na kwa Kitulo, Makete na Njombe ya juu, ambako majani huamka na barafu, nunua ya mirija ya kioo yenye utupu. Ya bamba inaweza kuganda maji ndani ikapasuka. Tatizo la sola kwa choo linabaki lilelile: iko juu ya paa, bomba ni refu.

Hita ya gesi inawaka kwa betri na haijali kukatika kwa umeme. Ikae nje ya nyumba au mahali penye hewa inayopita, kamwe isiwe ndani ya choo au bafu. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua. Onyo hilohilo ni la jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi.

Pipa la kuni nje ya nyumba, lenye bomba la kuingiza na la kutoa, bado lina heshima yake kwenye nyumba za wageni na shule za bweni. Mabanzi ya Mafinga na kuni za miwati za Njombe si ghali. Lazima liwe na njia ya wazi ya kutolea mvuke. Pipa lililozibwa kila upande ni bomu.

## Kwa hali yako

Umepanga, choo ni cha kuchuchumaa, unashirikiana na wengine: kopo na chupa ya chai. Ukiruhusiwa na mwenye nyumba, shatafu ya baridi ya kusafishia, na kopo libaki la kuchambia msimu wa baridi.

Unajenga na bado hujapiga plasta: peleka bomba la PPR la moto hadi chooni, na waya wa umeme wenye ethi hadi karibu na choo, hata kama hununui chochote mwaka huu. Inua mnara wa tangi ufike mita tano au sita. Kubomoa vigae baadaye kutakugharimu kuliko vyote hivyo. Halafu uanze na shatafu, uamue mengine ukishakaa msimu mmoja.

Nyumba imekwisha, hita iko bafuni na choo kiko ukuta wa pili: shatafu yenye miksa itakuridhisha. Hita iko jikoni mbali: achana na kuvuta bomba, weka tangi dogo chini ya sinki la choo, hapo ndipo bideti ya kubandika ya mirija miwili nayo inaanza kuwa na maana.

Unamtunza mzazi mzee mwenye choo cha kukaa na umeme wa kuaminika: bideti ya umeme, ya volti 230, kitufe kikiwa upande wa mkono wake wenye nguvu. Kaa naye mara za mwanzo mpaka azoee, na uanze na joto la chini kabisa. Kama umeme kwenu unakatika kila wiki, bideti ya kubandika na tangi dogo itamtumikia zaidi, maana tangi lenye koti linabaki na joto saa kadhaa baada ya giza.

Una lodge ya vyumba kumi pale Mafinga au Makambako: wageni wako wengi hawajawahi kuona bideti na hawatasoma maelekezo. Shatafu kila chumba, mipira ya ziada stoo, sola au pipa la kuni kwa maji ya moto, na bomba la kurudisha maji kwenye tangi ili ya moto yawe karibu na kila choo muda wote. Bila bomba hilo la kurudisha, chumba cha mwisho kwenye korido ndicho kitakachokuwa kinakulalamikia kila asubuhi.